Kofia kubwa ya taa ya vioo vya rangi: inavyotengenezwa na tahadhari zake

Wengi wetu tumezoea kuona vioo vya rangi kwenye madirisha ya makanisa. Ufundi wa jamii hiyo hutengeneza pia kofia kubwa za taa za kuning'iniza ukumbini. Ulivuma New York, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, katika karakana za Louis Comfort Tiffany. Kofia kadhaa maarufu zilibuniwa na Clara Driscoll, aliyeongoza idara ya wanawake wakata vioo.

Kwa nini vipande ni vingi? Kioo bapa hakipindi kikiwa baridi. Umbo la duara hupatikana kwa kuunganisha vipande vidogo, mamia kwa mamia.

Fundi huchora mchoro juu ya umbo la mbao au plastiki lenye sura ya kofia. Hukata vielelezo vya karatasi na kuvipa namba, kisha hukata kioo kwa kuvifuata. Kingo husagwa, halafu kila kipande huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, kwa sababu lehemu haishiki kioo bali hushika shaba. Vipande hupangwa juu ya umbo na kulehemiwa nje, kisha ndani. Mwisho hufungwa pete ya chuma juu na waya imara ukingoni.

Chupa zilizotumika hazifai kukatwa hivi, maana zimepinda. Lazima ziyeyushwe kwanza. Karakana ya Shanga, Arusha, huyeyusha chupa na kutengeneza vyombo na mapambo.

Sasa tahadhari. Lehemu nyingi zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wameonywa kuhusu zebaki. Risasi nayo isichukuliwe kirahisi. Usilehemu jikoni, fungua madirisha, nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Lehemu isiyo na risasi ipo.

Kofia kubwa ina uzito wa kilo nyingi. Itundikwe kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, kamwe isining'inie kwenye waya wa umeme. Tumia balbu ya LED, ambayo haina joto kali.