Meli Iliyozama Mji Ukitazama

Ukiingia makumbusho ya Vasa pale Stockholm, macho yanachukua muda kuzoea giza. Halafu unaiona: meli nzima ya mbao, ya mwaka 1628.

Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi aliitaka haraka, alikuwa vitani na Poland. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alifariki 1627 kazi haijaisha. Kabla ya safari, wanaume 30 waliambiwa wakimbie upande hadi upande kupima kama meli imesimama sawa. Iliyumba vibaya hadi admirali akasimamisha jaribio. Lakini safari? Hiyo haikusimamishwa.

Tarehe 10 Agosti ikang'oa nanga na mizinga yake 64. Mita kama 1,300 tu, upepo ukaiinamisha, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga. Watu kama 30 wakafa, umati ukiangalia ufukweni. Kwenye uchunguzi, mafundi wakasema walifuata vipimo alivyokubali mfalme. Sasa nani angemshtaki mfalme? Hakuna aliyeadhibiwa.

Meli iliinuliwa 1961. Ndani yake zikapatikana rula za mafundi: zingine za futi ya Uswidi, zingine za futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi. Watu walijenga meli moja kwa futi mbili tofauti.

Mimi hizo rula ndizo zilinishika kuliko sanamu zote za simba. Wale wanaume 30 walihisi sakafu ikiyumba chini ya miguu yao. Walijua. Kujua peke yake hakukutosha.