UZI: Kwa nini chama cha Pwani huishia na kiti kimoja?

1. Kila msimu wa kura, vibarazani Likoni hadi Kisauni, hili lazima litokee: "Sisi Wapwani tungekuwa na chama chetu, haya mambo ya ardhi na bandari yangeisha." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na swali hili nimelikuta nyumbani kabla sijalikuta darasani. Tulipitie kwa historia. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji chama wala mwanasiasa.

2. Wazo si la jana. Mkataba wa 1895 uliacha ukanda wa maili 10 wa pwani ukiwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiutawala kwa kulipa kodi. Uhuru ulipokaribia, wako waliotaka Mwambao ujitenge. Lakini Wapwani wenyewe waligawanyika: Waarabu na Waswahili wengi upande mmoja, Wamijikenda wengi upande wa pili. Mwaka 1961 James Robertson akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 ikatiwa saini.

3. Kilichobaki kilikuwa majimbo. Katiba ya uhuru iliyapa majimbo mabaraza yao, na baraza la Pwani likashikwa na chama kilichoyapigania. Chama hicho kilijivunja chenyewe Novemba 1964, viongozi wakahamia chama tawala. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Mpwani kuona chama alichokipigia kura kikimezwa. Si ya mwisho.

4. Rukeni hadi 1997. Chama kidogo cha Pwani chenye ajenda ya majimbo kiliingia uchaguzini. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 210. Kikapata 1: Likoni. Kisauni na Changamwe, majirani kabisa, zikaenda kwa vyama vya kitaifa. 2002, tena 1, Likoni ile ile. Baadaye mbunge wake akafanywa waziri, na 2007 kiti kikaenda kwa chama kikubwa.

5. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Kwetu anayeongoza kwenye eneo bunge anabeba kiti, wengine hawapati kitu. Ukiwa na asilimia 20 kila mahali, unaweza kutoka mikono mitupu. Na hata ungezoa Mombasa yote wakati ule, ni viti 4 kati ya 210. Na 4 hupitishi sheria, unaomba washirika.

6. Ya pili: vyama vikubwa huchukua ajenda yako. Ugatuzi wa katiba ya 2010 ulikidhi sehemu kubwa ya kiu ya majimbo. Hati za lile shamba la ekari 930 Likoni zilitolewa na serikali kuu Januari 2016, mwaka mmoja na nusu kabla ya uchaguzi. Malalamiko ya kwetu, sifa za wengine.

7. Ya tatu: sheria. Kifungu cha 91 cha katiba kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, kabila au eneo. Kwa hiyo "chama cha Pwani" kwenye karatasi lazima kiwe cha Kenya nzima, hata kama kampeni yake haivuki Mariakani.

8. Ya nne ndiyo nzito, na ndiyo tunaikwepa. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, kisha watu wa bara wakaandamwa majumbani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakakimbia. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Sisemi chama kile kilihusika. Nasema mpiga kura aliyekimbia hapigi kura kituoni kwake, na jirani aliyeona yale hasahau.

9. Sasa tazama Changamwe. Bandari, reli, viwanda: watu wamekuja kufanya kazi tangu enzi za mkoloni. Wapo waliozaliwa pale, baba zao wamezikwa pale. Ukisema "wenyewe" na hujawahesabu, ushapoteza kura zao. Ukiwahesabu, baadhi ya wafuasi wako wa kwanza watakuuliza umewauza kwa nani. Chama cha eneo hukwama hapo hapo, kati ya mlango na kizingiti.

10. Kilifi 2022, chama kipya cha kwetu kilianza kikiwa na muungano mmoja, na hata kabla ya kura kupigwa kikahamia wa pili. Wengine waliita usaliti. Mimi naona ni hesabu ya namba 5 ikifanya kazi yake.

11. Kwa hiyo sisemi chama cha Pwani ni upuuzi. Dhuluma ya ardhi ni ya kweli, na mtu ana haki ya kuipigia kura. Ila mgombea akija barazani kwenu na neno "chetu", muulizeni mawili: sisi ni nani, na jirani yangu wa Changamwe yumo? Pili, ukishapata hicho kiti kimoja, utakwenda kukaa na nani, na kwa bei gani? Akijibu la kwanza kwa kuguna, la pili msimsubiri.