Mashine Kongwe na Sauti Iliyo Kando Yake

Katika majumba ya sanaa ya leo si ajabu kumkuta msanii amezipanga mashine kuukuu za kuonyeshea filamu, akaziunganisha na kompyuta, kisha akamwacha mtazamaji atembee, aseme au aguse, na picha ukutani zikabadilika kwa kumfuata. Kazi za namna hiyo husifiwa kwa upya wake. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki ndoa ya mashine, sauti na mtazamaji ni ya zamani.

Mwaka 1935, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Hadi 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 kuhusu kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo mengine. Mojawapo ilimlinganisha mtu aliyefukia fedha zake zikaibiwa, na mwenziwe aliyezipeleka katika benki ya posta. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, zikachezwa sambamba na picha. Vyombo vyote vilipakiwa katika lori, na usiku wanakijiji wakakusanyika mbele ya kitambaa cheupe.

Fedha zilipokwisha, serikali za kikoloni hazikukubali kulibeba jaribio hilo, nalo likafa. Lori halikufa. Mwaka 1939 kiliundwa London Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers. Bwana huyo aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo filamu zikafanywa za polepole, na kando ya mashine akawekwa mfasiri mwenye kipaza sauti.

Imani hiyo ingalisutwa na ziara moja ya Unguja. Hassanali Adamji Jariwalla alikwisha kujenga jumba la Royal mwaka 1921, mahali ambapo baadaye, mwaka 1955, palifunguliwa Majestic. Humo watu walizifuata filamu za Kihindi na za Kimisri, ilhali wengi wao hawakuijua lugha iliyosemwa, na nyimbo zake wakatoka nazo midomoni. Aliyedhaniwa hajui kutazama alikuwa mtazamaji hodari.

Hapa ndipo mfasiri anapopata uzito wake. Maelezo yaliandikwa London, lakini aliyeyatamka alisimama mbele ya watu wa lugha yake, akisikia kicheko chao na minong'ono yao. Ofisa asiyeijua lugha hiyo hakuwa na njia ya kupima kilichoongezwa wala kilichopunguzwa.

Kazi hiyo ilizuka upya, bila amri ya serikali yoyote, katika vibanda vya video vya Tanzania Bara, vile vilivyopewa jina la vibanda umiza. Watafsiri kama Lufufu walizisemea kwa Kiswahili filamu za ng'ambo, wakitia utani, maonyo na mifano ya mitaani. Kwanza papo kwa papo, kisha kwa kuinasa sauti yao katika kanda. Visiwani nako Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika mara ya kwanza 1998, limepeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba.

Kati ya zile filamu 35 za Vugiri, tatu tu ndizo zinazojulikana kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Maneno ya wafasiri wa lori hayakuhifadhiwa hivyo. Yalisemwa usiku mmoja, yakaishia hapo. Mashine kongwe ikipata fundi na vipuri yaweza kuzunguka tena. Msanii atakayeiweka kando ya kompyuta, akadai kuwa anaihuisha historia ya sinema ya pwani hii, hana budi kwanza kuwaendea wazee waliopata kusimama mbele ya kitambaa kile, na awasikilize maadamu wangalipo.