Picha ya Dunga ni ya nani?

Sisi watu wa Pwani jua hutuchomozea baharini. Kisumu ni kinyume: huzama ziwani, na jioni mwanga hulala juu ya maji. Ndiyo maana wapigapicha na wanamitindo chipukizi hupenda ufuo wa Dunga.

Mpwa wangu anayesoma huko alikwenda na kijana mmoja mwenye kamera. Hakuna aliyemlipa mwenzake: binti alitoa sura, mavazi na muda wake, kijana akatoa ujuzi, kisha wakagawana picha. Wanaoanza wengi hufanya hivyo, na si vibaya. Lakini baadaye picha ile ikatokea kwenye bango la saluni, na binti hakuombwa ruhusa.

Nikamuuliza: mliandikiana? Akanyamaza.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha ni mali ya aliyeipiga. Ikiwa imeagizwa, haki huhamia kwa aliyeagiza, ila wakipatana vingine. Lakini sura ni ya mwenyewe. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuridhia na ya kuondoa ridhaa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza faini klabu moja ya Nairobi kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia.

Mkumbukeni Iman. Mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikutana na mpigapicha Mmarekani Peter Beard. Alidai alipiwe ada ya chuo kwanza, akalipiwa. Lakini juu ya hadithi hawakupatana: Beard aliwaambia Wamarekani kuwa amemtoa nyikani akichunga mifugo, ilhali babake alikuwa mwanadiplomasia.

Basi vijana, kabla ya picha ya kwanza andikeni: picha itatumika wapi na kwa muda gani, nani aichague kabla haijatoka, majina ya nani yatajwe, pesa zikija zigawanywe vipi, na mpaka wa stara ni upi. Aliye chini ya miaka 18, mzazi atie sahihi.

Karatasi moja haiui urafiki. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na sura pia ni mali.