Kinu cha Mkono na Espreso ya Nyumbani
Kabla Angelo Moriondo wa Torino hajasajili, mwaka 1884, mtambo wake wa kupikia kahawa kwa mvuke, majumba ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuzoea kusaga buni kwa vinu vya mkono, vikiwamo vile vya Peugeot vilivyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1840, navyo viliitosheleza kahawa ya kuchemsha. Hali iligeuka tangu 1948, pale Achille Gaggia wa Milano alipotoa mtambo wa wenzo na springi, wenye kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa hata povu la rangi ya dhahabu likatanda kikombeni. Na mwaka 1961 La Pavoni ikaleta Europiccola, mtambo mdogo wa nyumbani. Hapo unga ndio ukawa asili ya mambo yote: ukiwa na chenga, maji hupenya mbio na kahawa hutoka chapwa, ukiwa laini mno, huziba, ikadondoka tone kwa tone, chungu. Kwa yakini, mafundi waliokuja baadaye kukitia kinu cha mkono meno ya chuma cha pua, na mhimili ulioshikwa kwa beringi usiyumbe, walikitendea insafu chombo hiki cha kale. Kwani mwenye kuzungusha mpini huuhisi ugumu wa punje kiganjani, naye husaga kadiri ya haja yake tu, gramu 18 hivi, kahawa ingali na harufu yake kamili.