Maji Yenye Jina la Mfalme: Ziara ya Kitagata Kutoka Rubongi

Kila mwaka mwezi wa Mei unapoelekea mwisho, barabara zinazoingia Uganda kutoka Malaba na Busia hujaa watu watembeao kwa miguu. Hao ni mahujaji waendao Namugongo, karibu na Kampala, kuwaadhimisha Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Sisi tuliokuwa Rubongi kwa mazoezi ya kufundisha tulikutana nao mjini Tororo, wengine wakichechemea, wengine wakiimba. Jambo lililotushangaza ni madumu. Wengi walibeba chupa na vidumu vitupu, na tulipowauliza sababu walitujibu kwamba ni kwa ajili ya maji. Kando ya kanisa kuu la Namugongo, lile lililowekwa wakfu mwaka 1975, kuna ziwa dogo ambalo mahujaji huchota maji yake na kuyapeleka nyumbani kwa wagonjwa.

Swali letu lilianzia hapo. Mtu anatembea siku nyingi kwenda kuomba. Mbona anarudi na maji?

Mmoja wetu alikuwa amesoma habari za Yunomine, kijiji kidogo katika milima ya Kii nchini Japani. Yunomine ni mahali pa maji moto yatokayo ardhini, kando ya njia za hija za Kumano. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, watu wa Japani, wakiwemo wafalme waliokwisha kung'atuka, walipanda milima hiyo kwenda kuabudu kwenye mahekalu ya Kumano, na kabla ya kufika hekalu la Hongu walioga Yunomine ili kujitakasa. Kuoga kulikuwa sehemu ya ibada yenyewe. Kuna hadithi ya bwana mmoja, Oguri, aliyepewa sumu akaharibika mwili, akakokotwa kwa kigari na wapita njia hadi Yunomine, akapona baada ya kuoga siku 49. Kibanda cha kuogea kiitwacho Tsuboyu, kinachotajwa katika hadithi hiyo, kingali kikitumika: watu huingia kwa zamu ya dakika 30. Mwaka 2004 UNESCO iliziweka njia hizo za hija, pamoja na Tsuboyu, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tororo tunao mwamba mkubwa ambao kila mgeni huuona kabla hajauona mji. Maji moto hatuna. Ndipo tukakubaliana kwamba likizo ikifika tutakwenda kuyatazama yale ya Kitagata, upande wa pili wa nchi, wilayani Sheema. Tulipitia Jinja, Kampala na Masaka, tukalala Mbarara, na asubuhi tukapanda teksi ya kwenda Ishaka na kuendelea hadi Kitagata. Safari yenyewe haina la kusimulia ila uchovu.

Jina la mahali lilitupa somo kabla hatujaona chochote. Katika Runyankole, okutagata ni kuwa na joto, na ekitagata ni chemchemi ya maji moto. Kwa hiyo Kitagata ni "Majimoto" kama zile Majimoto zilizotapakaa Kenya na Tanzania. Hapo penyewe kuna chemchemi mbili zilizokaribiana, katika bonde la chini, mvuke ukipanda juu ya majani. Maji yatokapo ardhini yana nyuzi 60 na zaidi za Selsiasi, hivyo waogaji hukaa pembeni, pale yanapokuwa yamepoa. Chemchemi moja huitwa Ekyomugabe. Ya pili huitwa Mulago.

Tuliwakuta wazee wengi, wanaume kwa wanawake, wameketi majini nusu uchi bila kuoneana haya. Wengine walikuwa wamelala juu ya mawe, wakijimwagia maji magotini na mgongoni. Wenzetu vijana ndio waliotahayari! Kamera tuliyokuja nayo kwa mbwembwe ilibaki ndani ya mkoba, na tunaamini tulifanya vyema.

Kosa letu lilikuwa lugha. Tulianza kuuliza maswali kwa Kiswahili sanifu, tukidhani tunafanya jambo la fahari; wazee wakatutazama kimya. Kama tujuavyo, kwa Waganda wengi wa umri huo Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwanza kwa askari, na mara nyingi kwenye vizuizi vya barabarani. Katiba ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 haikuwafutia kumbukumbu hiyo. Mwenzetu mmoja mwenye asili ya Bushenyi alipiga magoti, akamwamkia bibi mmoja, "Agandi, mukaaka?" Bibi akaitikia, "Ni marungi," akasogea ili tukae. Maswali yetu yote yalijibiwa baada ya hapo, na si kabla.

Ekyomugabe, bibi alitueleza, ni kile cha Omugabe, mfalme wa Ankole, aliyekuwa akija kuoga hapo. (Wanaisimu wataona kwamba ekya hapa ni ndugu wa cha yetu, nacho kinapatana na eki- ya ekitagata.) Mulago ndiyo ya watu wote, na imeitwa hivyo kwa sababu inatibu kama hospitali ya Mulago ya Kampala.

Tuyatazame majina haya kama wanahistoria. Serikali ya Obote ilifuta falme mwaka 1967, na Gasyonga II akapoteza kiti. Mwaka 1993 falme za Buganda, Bunyoro na Toro ziliporudishwa, Ankole haikurudishwa. John Barigye, aliyetawazwa mwaka huo kwa jina la Ntare VI, hakutambuliwa na serikali, akafariki mwaka 2011 bila kutawala. Omugabe basi hana kiti wala ikulu, lakini bado ana mahali pa kuogea, angalau kwa jina. Na wale waketio humo leo ni wakulima ambao zamani, kwa simulizi tuliyopewa, wasingethubutu kuingia.

Jina la pili lina mafunzo zaidi. Hospitali ya Mulago ilianzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1913. Chemchemi iliyopewa jina la hospitali hiyo haiwezi kuwa ilipewa kabla ya sifa zake kufika Ankole, kwa hiyo jina hili ni la karne ya 20. Hii haina maana kwamba kuoga kwenyewe kulianza wakati huo, la hasha! Maana yake ni kwamba watu walikuwa na mila yao, wakaona jambo jipya lenye nguvu, wakalichukua jina lake na kuivika mila. Watu husema wazee hushikilia ya kale tu. Hapa wazee wamebatiza upya. Hospitali ya serikali ya Kitagata nayo haiko mbali na bonde hilo, na bibi yule alikiri bila kusita kwamba huenda kote kuwili.

Tuliporudi Rubongi tulijiuliza kuhusu kwetu. Padhola nayo ilikuwa na ibada iliyowakusanya watu, ibada ya Bura, iliyopata nguvu mwishoni mwa karne ya 19 chini ya Majanga. Profesa Bethwell Ogot aliandika mwaka 1967 jinsi ibada hiyo ilivyoziunganisha koo za Wapadhola. Utawala wa kikoloni ukaivunja nguvu yake. Marehemu Oboth-Ofumbi, mwana wa Padhola aliyeuawa chini ya utawala wa Amin mwaka 1977, alikuwa ameandika historia ya watu wake katika kitabu chake Padhola cha mwaka 1960, lakini wanafunzi tuliowafundisha hawakuwa wamekiona. Wajapani wana barabara, hekalu na maji, vyote pamoja. Kitagata wana maji na majina. Padhola imebaki na kumbukumbu za wazee, nao wanapungua kila msimu.

Tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize babu au nyanya majina ya mawe, vijito na miti ya kijijini kwao, kwa Dhopadhola, kisha aeleze maana zake kwa Kiswahili. Wengi walileta majina ya shule na vituo vya boda boda. Mvulana mmoja alileta jina la jiwe ambalo nyanya yake alikatazwa kulikaribia alipokuwa msichana. Hakujua lilikatazwa kwa nini, na nyanya amemwambia arudi Jumamosi.