Karibu Nyika ya Ruvuma: Vinyago na Nembo za Kwetu

Ndugu msomaji, karibu kwetu Nhica do Rovuma, wilayani Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Jina hili limeandikwa kwa hati za Kireno, ambamo nh husomwa ny na c husomwa k. Mswahili akilisoma ipasavyo atajisikia anasema "Nyika ya Ruvuma", na huenda akatarajia jangwa. Halipo. Atakuta msitu, mashamba ya mihogo, mikorosho, na mto ambao ng'ambo yake ni Tanzania.

Lugha za huku ni Kimakwe na Kimakonde. Kireno ni cha shule na ofisi, na Kiswahili hakihitaji mkalimani. Wanafunzi wa isimu wanaweza kuianza safari hii maktabani, kwani sarufi ya Kimakwe iliyoandikwa na Maud Devos ilitoka mwaka 2008.

Mgeni anayetoka Dar es Salaam huja akiwa tayari na picha ya sanaa yetu kichwani. Ameona Mwenge zile sanamu za mpingo: watu waliobebana kama nguzo, ambazo huitwa ujamaa, na mashetani wenye jicho moja. Akifika hutaka kuonyeshwa "asili" yake. Hapo inatubidi tumweleze jambo ambalo wengi hawalitarajii: sanamu hizo zilizaliwa ugenini.

Pwani hii ya Tungi ilikuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoiteka mwaka 1887. Baadaye jimbo likakabidhiwa Kampuni ya Niassa, iliyotawala mpaka 1929 kwa kodi na kazi za shuruti. Kampuni ikaondoka, shuruti ikabaki. Kuanzia 1938 ikaja pamba ya lazima. Watu walivuka Ruvuma kwa maelfu, wakaenda kukata mkonge Tanganyika. Huko waliitwa Wamawia, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Jioni, baada ya kazi ya mkonge, baadhi yao walichonga. Wanunuzi walipatikana mjini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mitindo mipya ikaibuka. Ule wa watu waliobebana hunasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na ule wa mashetani na Samaki Likankoa, aliyekuwa akimuuzia kazi zake mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mpingo wa Mwenge ni kazi ya mikono ya kwetu, lakini ni mikono iliyokimbia.

Kilichobaki nyumbani ni lipiko, wingi wake mapiko (walimu mtaitambua ngeli hiyo bila kuambiwa). Hili ni barakoa la kuvaa kichwa kizima kama kofia. Halichongwi kwa mpingo, maana nani angecheza na uzito ule? Huchongwa kwa mti mwepesi, likabandikwa nywele za mtu kwa nta ya nyuki. Mchezaji hulivaa likiwa limeinama nyuma, akaona njia kupitia mdomoni mwake. Zamani lilichongwa mafichoni, na wanawake pamoja na watoto ambao hawajapita jandoni waliambiwa kwamba anayecheza ni mzimu. Methali ya kinyago nilichokichonga mwenyewe kisha kinitishe huwa tunaifundisha darasani kama fumbo tu. Huku ina wenyewe. Aliyelichonga alijua, na kazi yake ilikuwa kunyamaza.

Wanawake nao wana ufinyanzi. Vyungu huchorwa mistari iliyofanana na chale za usoni na kifuani, ambazo Wamakonde huziita dinembo. Simama hapo kidogo, msomaji. Hiyo di- ni sawa na zi- yetu ya wingi, na shina ni nembo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaitaja nembo kuwa ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Leo tunaliona neno hilo kwenye barua za chuo na milango ya magari ya serikali, tusikumbuke kwamba liliwahi kutoka damu. Waliochanjwa sasa ni wazee. Wakienda wao, mistari itabaki kwenye vyungu na jina la kila mstari litakuwa limekwenda nao.

Hofu hiyo si ya kubuni. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifika mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021, na maelfu wakakimbia, wengi kwa miguu kupitia porini. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, na akiweza, chungu. Hakuna abebaye gogo alilolianza kulichonga. Wengi walirejea Palma katika miaka iliyofuata, lakini fundi na mwanafunzi wake si lazima warudi mahali pamoja, wala kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana tunamwomba mgeni asianze kwa kuuliza bei. Aulize kitu kinaitwaje na nani alimfundisha fundi. Katika daftari letu tunayo tezo, patasi, tupa na msasa, maneno ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyakuta kamusini. Majina ya mistari ya dinembo bado ni machache mno. Msomaji mwenye bibi wa Kimakonde, awe Mtwara, Newala au Tanga, na amuulize wakati wa likizo, aandike kama alivyotamka, kisha atuletee karatasi hiyo idarani.